Je, Wajua? Siri za Jiko Finyu na Sebule ya Kupanga

Je, wajua kwamba jiko la flati, lile lenye makabati ukutani, sinki karibu na dirisha na nafasi ya mtu mmoja na nusu, lina mwaka wake wa kuzaliwa? Ni 1926, mjini Frankfurt, Ujerumani. Jiji lilikuwa linajenga nyumba za wafanyakazi kwa maelfu, na msanifu Ernst May aliyesimamia ujenzi huo alihitaji jiko dogo linaloweza kurudiwa nyumba hadi nyumba. Kazi ikamwangukia Margarete Schütte-Lihotzky, mmoja wa wanawake wa kwanza kusomea usanifu majengo nchini Austria. Alishika saa akapima mwendo wa mpishi kutoka sinki hadi kwenye moto. Akachunguza mabehewa ya chakula ya treni, ambamo wapishi hulisha abiria tele kutoka kijichumba kimoja. Kisha akachora jiko la upana wa meta 1.9 na urefu wa meta 3.4. Yalijengwa takriban 10,000.

Uzuri wake uko kwenye mambo madogo. Unga ulikaa kwenye masanduku ya mbao za mwaloni, kwa sababu wadudu wa unga hawapendi mbao hizo. Mchele na sukari vilikaa kwenye vidroo vya alumini vyenye mdomo wa kumiminia, kila kimoja kimeandikwa jina, hivyo mpishi alichomoa droo nzima na kumimina kwenye sufuria bila kutafuta kikombe. Meza ya kukatia ilikuwa mbele ya dirisha na ina mfereji wa kusukumia maganda. Makabati yalipakwa buluu kwa kuwa wakati ule iliaminika kwamba nzi hawatui penye buluu. Sina hakika kama nzi wa Buguruni wamepata taarifa hizo.

Na kuna la kuchekesha zaidi: Margarete mwenyewe alisema kwamba kabla ya kulichora jiko hilo hakuwa amewahi kupika. Nyumbani Vienna alipika mama yake, na alipofika Frankfurt alikula mgahawani. Baadaye alifungwa na utawala wa Hitler kwa kuupinga, akatoka hai, akafariki Januari 2000 zikiwa zimebaki siku tano atimize miaka 103. Maisha yote hayo, lakini watu walizidi kumuuliza habari za kabati na sinki.

Bosi wake Ernst May alikuja kwetu. Mwaka 1934 alihamia Tanganyika akanunua shamba karibu na Arusha, kisha akarudi kwenye usanifu, safari hii Nairobi. Kazi zake ni pamoja na Delamere Flats za Nairobi, jengo la chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, pale Moshi, na mpango wa upanuzi wa Kampala wa mwaka 1945. Ni mtu yuleyule aliyesimamia jiko la Frankfurt.

Mpangaji wa leo anaweza kuiba kanuni moja tu ya jiko lile na ikamtosha: kitu kikae pale kinapotumika. Chumvi, mafuta, mwiko na kiberiti viwe mkono mmoja kutoka kwenye moto. Visu na ubao viwe kati ya sinki na moto. Hotipoti za wageni na lile seti la vikombe vya harusi vipande juu kabisa, maana kabati la usawa wa macho ni mali ghali kuliko yote ndani ya flati.

MTUNGI WAKO UNAONGEA

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na yenyewe haina harufu yoyote. Ile harufu ya kitu kilichooza inatiwa kiwandani makusudi ili pua yako ikuonye. Desturi hiyo ilipata nguvu baada ya maafa ya mji wa New London, Texas, tarehe 18 Machi 1937, pale gesi asilia isiyo na harufu ilipojikusanya chini ya sakafu ya shule na kulipuka, ikaua karibu watu 300, wengi wao watoto.

La pili la kujua kuhusu gesi hii ni uzito wake. Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, na butani ni nzito karibu mara mbili. Maana yake ikivuja haipandi darini. Inashuka, inatambaa sakafuni na kukaa kwenye pembe. Kufungua dirisha la juu peke yake hakutoshi. Fungua mlango, hasa ule wa kibarazani, sukuma hewa ya chini itoke, na usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima taa, kwa kuwa cheche hutokea wakati wa kuwasha na wakati wa kuzima. Kutafuta mahali panapovuja, paka povu la sabuni kwenye regulata na kwenye maungio ya mpira. Mapovu yakivimba, hapo ndipo. Wanaotafuta kwa kiberiti wapo, na wengine hawapo tena.

Moto wa buluu unasema gesi inaungua yote. Moto wa njano unaoacha masizi chini ya sufuria unasema hewa haitoshi au matundu ya jiko yameziba uchafu wa chakula kilichofurika. Sindano na dakika chache za kusafisha vitakurudishia gesi uliyokuwa unaipoteza kila siku.

Swali la kila nyumba sasa: imebaki kiasi gani? Chemsha maji kikombe kimoja, yamimine taratibu ubavuni mwa mtungi kutoka juu hadi chini, subiri kidogo, kisha pitisha kiganja. Juu pana joto. Ukishuka utafika mahali chuma kinakuwa baridi ghafla, na mpaka huo ndio usawa wa gesi iliyo katika hali ya majimaji, kwa sababu majimaji yale hunyonya joto na ile hewa iliyo juu yake hainyonyi. Alama ya chaki hapo, na wiki ijayo unarudia.

Siku ya kununua, usitazame lakiri tu. Kila mtungi umegongwa namba ya uzito wake ukiwa mtupu, kwa kawaida kwenye ukosi au karibu na mshikio. Mtungi wa kilo 6 ukiwekwa kwenye mizani unatakiwa usomeke uzito huo mtupu kuongeza 6. Muuzaji mwenye mizani dukani na asiyekasirika ukiomba kupima ndiye wa kumrudia.

Na mkaa? Katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, moto ulikaa uani, wazi juu. Flati haina uani. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia kwenye damu na kuikalia nafasi ya oksijeni. Dalili zake za kwanza ni kuumwa kichwa na usingizi, kwa hiyo mtu hulala badala ya kutoka nje. Jiko la mkaa ndani usiku wa baridi ya Njombe au Limuru, milango imefungwa, ni hatari isiyo na mjadala.

KWA NINI MAHARAGE YA DAR HUWAHI KUIVA

Aliyehama kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi au Mbeya huja na lalamiko moja: maharage ya huku hayaivi. Hakosei. Kadiri unavyopanda juu, uzito wa hewa unapungua na maji yanachemka mapema, kwa wastani pungufu ya nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila meta 300. Dar, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi na Mbeya, kwenye meta 1,700 hivi, huchemka karibu nyuzi 94. Kileleni Kilimanjaro, meta 5,895, yangechemka karibu nyuzi 80 na maharage yangekushinda kabisa. Kuongeza moto hakusaidii kitu: maji yanayochemka kwa fujo hayana joto zaidi ya yanayochemka kwa utulivu, yanakausha sufuria tu na kula gesi. Punguza moto, funika.

Dawa ya kweli ilivumbuliwa na Mfaransa Denis Papin, aliyeonyesha mwaka 1679 mjini London chungu cha chuma kinachofungwa kisitoe mvuke, kikalainisha hata mifupa. Ndiye pia aliyekiwekea vali ya usalama. Sufuria ya presha ya leo ni mjukuu wake. Mvuke ukizuiliwa, maji ndani hufika takriban nyuzi 120 kabla ya kuchemka, na hapo mwinuko wa mji wako unasahaulika. Kwa mtu anayekaa peke yake kwenye chumba na sebule, akipika maharage au makande mara moja kwa wiki na kugandisha mafungu, naona hakuna chombo kinachorudisha pesa yake haraka kama hicho. Kuna aina ya umeme inayojizima presha ikifika na kujiwasha ikishuka, na kwa muda mwingi wa kupika haivuti umeme kabisa.

Wengine hutia magadi. Yanafanya kazi, kwa kuwa yanayeyusha ile gundi ya asili inayoshikilia ganda la punje, lakini hula vitamini B1 iliyomo ndani. Kidogo sana, basi, na si kila siku. Kuloweka usiku kucha na kumwaga yale maji kunatosha mara nyingi, tena kunapunguza sukari zinazosababisha tumbo kujaa hewa. Jambo hilo wakazi wa chumba kimoja watalishukuru.

Lipo onyo moja. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, na punje nne au tano zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu mzima. Kuchemka kwelikweli kwa nusu saa huimaliza. Hatari iko kwenye vile vyombo vya umeme vinavyopika polepole kwa joto la chini, maana havifiki kuchemka na sumu inabaki. Chemsha kwanza sufuriani, kisha ndipo uhamishie huko.

KIPORO

Wali wa jana una marafiki wengi, na sababu ni ya kisayansi. Wanga wa mchele uliopikwa ukipoa hujipanga upya na kukaza, punje zinaachana, ndiyo maana wali wa kukaanga na kitunguu na karoti hutoka vizuri ukiwa kiporo na hugeuka uji ukiwa wa moto. Sehemu ya wanga huo uliopoa pia hugoma kumeng'enywa haraka, hivyo sukari mwilini hupanda taratibu zaidi.

Lakini je, wajua kwamba kupasha moto hakuokoi kiporo kilicholala vibaya? Mchele mbichi hubeba vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, na mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukiachwa mezani usiku wa joto la Tanga au Mombasa, mbegu huchipua, vijidudu huzaana na kutema sumu. Hiyo sumu ndiyo inayostahimili moto. Utaua vijidudu asubuhi, ukala sumu yao, na ndani ya saa chache unatapika huku ukilaumu samaki.

Tiba ni haraka. Usiache wali kwenye sufuria nzito yenye mfuniko ukidhani unautunza, kwa kuwa katikati hubaki vuguvugu hadi usiku wa manane. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, na uliwe kesho yake. Asiye na friji apike wa kutosha siku hiyo. Mwiku na chai ya rangi ni raha, nakubali, ila raha hiyo ilikuwa salama zaidi kwa bibi zetu wa milimani kuliko kwa mpangaji wa Magomeni mwezi Februari.

Kuhusu kukosa friji: mwalimu Mnigeria Mohammed Bah Abba alishinda tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa friji ya udongo, yaani chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Maji yakikauka yanaondoka na joto, na biringanya zilizokuwa zikinyauka kwa siku 3 zilikaa hadi 27. Jaribu Dodoma au Garissa, utafurahi. Pwani usijisumbue. Hewa yetu imeshajaa unyevu, maji hayakauki, na utabaki na vyungu viwili vyenye ukungu.

VIPANDE VIPANDE VYA JIKONI

Nyanya hazitaki friji hadi zitakapoiva kabisa. Chini ya nyuzi 12 hivi zinaacha kutengeneza harufu yake na zinabaki maji mekundu. Viazi navyo hapana: baridi hugeuza wanga kuwa sukari na chipsi hutoka nyeusi. Viwe gizani, maana mwanga huvitia kijani na uchungu wenye sumu.

Kitunguu hakikulizi hadi ukikate. Seli zinapopasuka, kimeng'enya kimoja hukutana na kemikali ya salfa na kutengeneza hewa inayopanda machoni. Wajapani waliokigundua kimeng'enya hicho walitangaza mwaka 2002, na mwaka 2013 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Kiweke kitunguu kwenye friji nusu saa na tumia kisu kikali, kwani kisu butu hukiponda na kupasua seli nyingi zaidi.

Samaki anayekaangwa ghorofa ya pili anajulikana ya tano, kwa sababu ngazi za jengo hufanya kazi ya bomba la moshi na hewa ya moto hupanda. Harufu ya samaki ni ya jamii ya amonia, na asidi huifunga isiruke. Ndimu tunayompaka samaki inafanya kazi hiyo kabla ya kuongeza ladha. Maji yenye siki yakichemka taratibu kwenye sufuria baada ya kukaanga yatakupatanisha na majirani.

SEBULE: SOMO KUTOKA LAMU

Wanaodhani vyumba vyembamba vilianza na flati hawajaingia nyumba kongwe ya Lamu. Dari zake zilibebwa na boriti, miti ya mikoko, na boriti ina urefu wake: ikizidi kidogo inapinda. Kwa hiyo vyumba vikawa virefu lakini upana wake ni kama meta 2.5 hadi 3 tu. Boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Omani na nchi za Ghuba, na huko nako zikapima vyumba vya watu.

Mafundi wa Lamu hawakuvunja ukuta, waliuchimba. Chumba cha ndani kilipewa ukuta mzima wa zidaka, vishubaka vya plasta ya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, na humo zikakaa bakuli za kaure kutoka China, vitabu na taa. Jicho likitazama ukuta wenye vina na vivuli, linauona uko mbali. Sakafu haikuguswa. Mji huo umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na ukuta wa zidaka ni mojawapo ya mambo ambayo mgeni hupiga picha kwanza.

Mpangaji hawezi kuchimba ukuta wa mwenye nyumba, lakini rafu nyembamba za kina cha sentimeta 15, zikipakwa rangi ileile ya ukuta na kupanda hadi karibu na dari, hufanya kazi inayofanana. Kosa ninaloliona kila mahali ni kinyume chake: kabati kubwa la kioo la sebuleni, zito, jeusi, limekula robo ya chumba ili lionyeshe glasi sita.

Je, wajua pia kwamba kioo cha kujiona mwili mzima kinatosha kuwa nusu ya urefu wako? Mwenye sentimeta 170 anahitaji sentimeta 85, na kusogea nyuma au mbele hakubadilishi kitu. Kitundike ili ukingo wa juu uwe katikati ya macho na utosi wako. Muuza vioo atakubishia, mwonyeshe dukani. Kikikaa ukuta wa pembeni mwa dirisha au mkabala nalo, kinagawa mwanga wa mchana bure.

Rangi nyeupe ya dari hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoigusa, mara nyingi zaidi ya asilimia 80, hivyo anza na dari kabla ya kununua taa nyingine. Wengi pia hufikiria chokaa kwa kuwa ni rahisi na ukungu hauipendi. Ni kweli, chokaa hukauka kwa kunyonya hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe, jamaa ya matumbawe yaliyochomwa kuitengeneza. Ila inahitaji plasta inayonyonya. Ukiipaka juu ya rangi ya maji ya kisasa, baada ya miezi michache itakudondokea kwenye chai.

KITAMBAA, UBAO NA JANI

Doti moja ya kanga ni mapazia ya dirisha dogo. Kila kipande kina meta moja na nusu hivi kwa meta moja na kidogo, pindo limeshachapwa, hakuna cha kushona isipokuwa mfereji wa kupitishia fimbo. Duka la Kaderdina, Mombasa, maarufu kwa alama ya Mali ya Abdulla, linafanya biashara tangu 1887. Angalizo moja tu: soma jina kabla ya kutundika. Kanga yenye fumbo la kumrushia jirani maneno haifai kuwa pazia la sebule siku mkwe anapokuja, na ukigeuza upande wa nyuma kila mtu atajua umegeuza kwa nini. Na ile imani ya kuloweka kanga mpya kwenye maji ya chumvi ili isichuje, chumvi haishikishi rangi iliyokwisha kuchapwa. Ifue peke yake mara za mwanzo, ianike kivulini.

Picha za ukutani zisikutishe bei. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 akitumia mbao za dari na rangi ya mafuta ya kopo, ile ya kupakia baiskeli. Ubao wake wa kawaida ulikuwa mraba wa takriban sentimeta 60. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kwa kudhaniwa ni mtu mwingine, akiwa amechora kwa miaka michache tu, lakini mtindo unabeba jina lake hadi leo. Vifaa vyake vyote bado vinauzwa katika duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Ua la chungu linalopendwa sana kwenye madirisha ya flati za Ulaya na Marekani, lile dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ni la Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani mjini Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea akaliita Saintpaulia. Huko ng'ambo limezalishwa kwa mamilioni. Huku kwao, misitu inavyokatwa, aina kadhaa ziko hatarini. Kulizidisha hakuhitaji mbegu: kata jani moja na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo laini wenye unyevu, na baada ya wiki kadhaa vichipukizi hutokea kwenye kikonyo. Omba jani kwa mwenye nalo mjini, usiende kung'oa msituni. Usimwagie maji baridi majanini, yataacha madoa.

Lakini usinunue mimea kwa ahadi ya kusafisha hewa. Ahadi hiyo inatokana na jaribio la NASA la mwaka 1989, lililofanywa kwenye visanduku vilivyofungwa kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel walipiga hesabu upya kwa nyumba za kawaida, wakaona ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila meta ya mraba ili ifikie kazi ya hewa inayopita yenyewe. Fungua madirisha mawili yanayoelekeana.

Mwisho, sofa za mbao za paleti, ambazo vijana wetu sasa wanazitengeneza kila kona. Kabla ya kulipa, tafuta muhuri uliochomwa ubavuni mwa mbao, wenye alama ya shuke na herufi IPPC. Chini yake pana msimbo. HT maana yake mbao zilipashwa joto hadi nyuzi 56 kwa nusu saa ili kuua wadudu, hizo chukua. MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu. Paleti ya MB, hata ikipigwa msasa na kupakwa vanishi, mwachie fundi nayo.